Raga Redioni: Niliyojifunza kwa Wazee wa Ngong Road

Kabla ya kupewa raga nilikuwa mtu wa kandanda. Rika letu lilikua na sauti ya Leonard Mambo Mbotela masikioni: redio juu ya kabati, wazee kimya, sisi watoto sakafuni tukimfuata mchezaji ambaye hatujawahi kumwona kwa macho. Nilipoingia redioni mwishoni mwa miaka ya 1990 nilitangaza ligi, Gor Mahia na AFC Leopards, Jumapili baada ya Jumapili. Kisha mwenzetu aliyeshughulikia raga akahamia kituo kingine, Safari Sevens, mashindano ya raga ya wachezaji saba, iko mlangoni, na mhariri wa michezo akaniambia, "Wewe una sauti. Nenda Ngong Road," yaani uwanja wa raga wa Nairobi. Hakuuliza kama najua sheria za mchezo wenyewe.

Naandika haya kwa kijana yeyote atakayetupwa kwenye raga namna hiyo, na hasa kwa atakayeambiwa baadaye atengeneze kipindi cha kumbukumbu za wachezaji wa zamani. Kazi hizo mbili nilizifanya zote, na ya pili ndiyo iliyonichosha zaidi.

Shida ya raga redioni ni kwamba mpira hupotea. Katika kandanda mpira uko wazi: unataja jina, unataja jina linalofuata, msikilizaji anakwenda nawe. Raga ya wachezaji kumi na watano ina mafowadi wanane kila upande, na wakishaangukiana pale katikati mpira unazama chini ya rundo la migongo, wakati mwingine hadi ng'ambo ya mstari wa goli, na trai, yaani bao la kugusisha mpira chini ng'ambo ya mstari huo, ikifungwa humo anayejua ni refa peke yake. Ukinyamaza, msikilizaji anadhani mitambo imeharibika. Ukisema usichokiona, refa anakuumbua sekunde tatu baadaye.

Tena, shabiki wa kandanda huuliza nani ana mpira. Wa raga huuliza wako wapi. Timu inaweza kushika mpira dakika nne nzima na isiwe na faida yoyote, kwa sababu iko kwenye eneo lake yenyewe. Kwa hiyo niliacha mazoea ya kuanza sentensi na jina. Nilianza na mahali: ndani ya mita 22 za Kenya (mstari ulio mita 22 kutoka mstari wa goli), upande wa jukwaa kuu, skramu, pale mafowadi wanaposukumana kugombea mpira. Jina lilifuata. (Ukizungumza na wazee utawasikia wakitaja mstari wa ishirini na tano. Hawajachanganyikiwa. Zamani mstari huo ulipimwa kwa yadi, ulikuwa wa yadi 25.)

Sikulibuni mimi jambo hilo. Matangazo ya kwanza ya moja kwa moja ya raga ya BBC yalikuwa tarehe 15 Januari 1927, Uingereza na Wales uwanjani Twickenham, mtangazaji Teddy Wakelam. Gazeti la vipindi, Radio Times, lilichapisha mchoro wa uwanja uliogawanywa miraba yenye nambari, na wakati Wakelam anasimulia mchezo, sauti ya pili ilikuwa ikitaja nambari ya mraba ambamo mpira umo. Msikilizaji alikaa na mchoro mapajani, akifuata kwa kidole. Inasimuliwa pia kwamba walimweka mbele yake mtu asiyeona, mpenzi wa raga, ili Wakelam amsimulie huyo badala ya kuzungumza na kipaza sauti.

Sisi hatukuwa na gazeti la kuchapisha miraba. Nilichokuwa nacho ni fundi mitambo studioni, mtu wa Kisii ambaye raga haikumhusu kabisa na ambaye kutoka alipokaa hakuona chochote. Tukakubaliana: kila anapopoteza mpira, aseme neno moja sikioni mwangu, "Wapi?" Siku ya kwanza alilisema hadi nikatamani kuvua hedifoni. Kufikia msimu wa pili alilisema mara chache, na nilijua kwamba akinyamaza, na mama aliye jikoni Kitale ananifuata. Ukipata mtu wa aina hiyo usimwache, na usimbadilishe na shabiki. Shabiki anajazia mwenyewe unachokosa kusema.

Kabla ya mechi yenyewe nilifuata mtindo wa Bill McLaren. Huyu alikuwa mwalimu wa mazoezi ya viungo kutoka mji wa Hawick, Uskoti, mmoja wa vijana waliorudi kutoka Vita vya Pili vya Dunia na mipango mikubwa. Alipigana Italia. Mwaka 1947 alikuwa kwenye mechi za mchujo za kuchagua timu ya taifa, kisha kifua kikuu kikamlaza sanatoria ya East Fortune zaidi ya mwaka mmoja na nusu. Kucheza kukaisha hapo. Alianza kutangaza humohumo hospitalini, mechi za tenisi ya meza za wagonjwa, kwenye redio ya ndani. BBC ikamchukua mwaka 1953 na hakuacha hadi 2002. Kwa nusu karne, kabla ya kila mechi kubwa, alikwenda kuangalia timu zikifanya mazoezi, akaandaa karatasi kubwa yenye kila kitu kuhusu kila mchezaji kwa wino wa rangi, na akajipima majina kwa kuchanganya karata, kila karata mchezaji wake, hadi jina litoke bila kufikiri.

Nilinunua karatasi ya manila pale Kirinyaga Road na kuazima kalamu za rangi za binti yangu. Usiku mke wangu alishika karata, akatoa moja, nikataja jina, nambari na klabu. Alichoka kabla yangu, na leo bado anawajua mawinga wa klabu ya Mwamba wa miaka ile kuliko watu wengi wanaojiita mashabiki. Kwenye karatasi hiyo mengi hutayasema kamwe. McLaren mwenyewe alitumia sehemu ndogo tu ya alichoandaa. Lakini mchezaji anapolala chini ameumia dakika mbili nzima, hapo ndipo karatasi inalipa.

Mwaka 2005 kituo kikataka kipindi. Ilikuwa imetimia miaka 50 tangu Lions, timu ya pamoja ya Uingereza na Ireland, ichezee Nairobi, na mtu wa juu alitaka "kumbukumbu za wachezaji wa baada ya vita," sehemu sita za nusu saa. Bajeti ilikuwa betri na kaseti. Nauli nilijilipia, na mtu haendi kwa mzee mikono mitupu, kwa hiyo sukari na majani ya chai vilitoka mfukoni mwangu pia. Malipo ya kipindi yalikuja baada ya miezi, yakiwa pungufu. Ukipewa kazi kama hii, andika gharama zako kwenye karatasi na mhariri aisaini kabla hujapanda matatu ya kwanza. Ahadi ya mdomo hairudishi nauli ya Nakuru.

Ziara ile ya 1955 ilikuwa kubwa. Lions walikuwa wamekwenda Afrika Kusini, mara yao ya kwanza kusafiri kwa ndege badala ya meli, na mechi nne za kimataifa ziliisha mbili kwa mbili. Walikuwemo Tony O'Reilly wa Ireland, kijana wa miaka 19, na Cliff Morgan wa Wales. Mechi ya kwanza, Ellis Park, Johannesburg, ilikwisha 23 kwa 22 baada ya Jack van der Schyff kukosa mkwaju wa mwisho ambao ungewapa Afrika Kusini ushindi. Lions walikuwa wamebaki kumi na wanne, kwa kuwa Reg Higgins aliumia na wakati huo hakukuwa na mchezaji wa akiba. Ukiumia ulitoka, na wenzako waliendelea pungufu. Wakirudi kwao walipitia Nairobi mwishoni mwa Septemba, wakaifunga Afrika Mashariki 39 kwa 12 kwenye uwanja wa Ngong Road, ambao ulikuwa bado mpya. Waliporudi tena mwaka 1962 ikawa 50 kwa 0.

Namba hizo zisome kwa macho ya wakati wake. Trai ilikuwa pointi tatu. Ilipandishwa kuwa nne mwaka 1971 na tano mwaka 1992. Mtangazaji akisoma 50 kwa 0 bila kusema hivyo, msikilizaji wa leo anapata picha ya kipigo kidogo kuliko kilivyokuwa. Mimi kila nilipotaja matokeo ya zamani niliweka sentensi moja ya maelezo, na mhariri kila mara alitaka kuikata. Tuligombana, ikabaki.

Sasa, ni nani wa kuhojiwa? Raga ya Kenya baada ya vita ilikuwa ya Wazungu. Klabu zilikuwa zao, Nondescripts na Harlequins, na shule zilizolea wachezaji, Prince of Wales na Duke of York, zilikuwa za watoto wao. Leo ni Nairobi School na Lenana, na huwezi kuisimulia raga yetu bila kuzitaja, ila wakati ule Mwafrika aliyekuwa uwanjani alikuwa kazini. Kituo kilinipa orodha ya majina ya wachezaji wa zamani waliobaki nchini, na wote walikuwa upande mmoja wa kamba.

Nilianza na hao. Mmoja, fowadi wa zamani aliyekuwa akiishi upande wa Karen, alinipokea vizuri sana, akazungumza Kiswahili cha shambani kilicholowa Kiingereza, akanionyesha viatu vyake vya ngozi vilivyopigiliwa njumu kwa misumari. Alieleza jinsi mpira wa ngozi ulivyokuwa ukilowa na kuwa mzito, na jinsi nyasi za Nairobi mwishoni mwa kiangazi zilivyochuna magoti. Maelezo ya kucheza yalikuwa mazuri. Kila kilichokuwa nje ya mistari ya uwanja, hakukiona.

Ni yeye aliyeniambia kwamba mtu aliyechora mistari hiyo alikuwa hai, kijijini kwake karibu na Kakamega.

Nilimkuta mzee huyo mbele ya nyumba akipura maharagwe. Nilipomuuliza anakumbuka nini kuhusu mechi ya 1955 alisema, "Ilikuwa kubwa," akaendelea na maharagwe. Nikabadili swali. Nikamwomba anionyeshe alivyochora mstari. Akasimama. Akachukua kopo la rangi lililokuwa ukutani, akanieleza namna ya kukoroga chokaa hadi iwe kama uji mwepesi, maana ikiwa nzito inaganda na wachezaji wanaungua ngozi, kisha akatembea kinyumenyume uani kwake akifuata kamba ambayo haikuwepo, mkono ukitikisika kila hatua mbili. Tangu hapo hakunyamaza tena.

Siku ya mechi kazi yake ilikuwa machungwa. Enzi hizo wachezaji hawakuingia vyumbani wakati wa mapumziko, walisimama palepale uwanjani dakika chache, na yeye na mwenzake waliingia na karai la machungwa yaliyokatwa vipande. "Mimi nimesimama katikati ya uwanja na Lions, kijana wangu," aliniambia. "Wewe umesimama?" Majina hakuyajua hata moja. Alimkumbuka mmoja aliyemrudishia maganda mkononi badala ya kuyatupa chini, akasema asante.

Kisha akaeleza namna alivyofika kazini asubuhi ile. Nairobi ilikuwa chini ya Hali ya Hatari. Mwaka mmoja tu nyuma serikali ilikuwa imezoa maelfu ya watu jijini katika Operesheni Anvil, wengi wao Wakikuyu, na wenzake kadhaa wa uwanjani walikwenda hivyo na hakuwaona tena. Yeye alisimamishwa barabarani, akaombwa kipande, yaani kitambulisho cha wakati wa ukoloni, akaombwa tena langoni mwa uwanja na askari aliyemjua kwa jina. Mlinzi alimfungulia kwa sababu ya machungwa. Haya yote aliyasimulia kwa sauti ileile ya chokaa.

Mhariri alitaka sehemu hiyo itoke. Alisema kipindi ni cha michezo. Nilimwambia raga ya baada ya vita ndiyo hiyo, na kama tunataka ya O'Reilly peke yake BBC wanayo, tuwaombe. Ilirushwa, kwa kufupishwa.

Mambo ya vitendo kwa atakayekwenda kwa mzee. Nenda asubuhi, jioni amechoka na watu ni wengi. Usiulize mwaka, uliza kitu: viatu vyako vilikuwa vya aina gani, mshahara ulipokelea wapi, mlikula nini baada ya mechi. Kaa karibu naye kiasi cha kugusana magoti, kwa sababu bati la juu na kuku wa nje vitameza sauti yake. Rekodi jina lake na tarehe mwanzoni kabisa, na dakika moja ya ukimya wa chumba mwishoni, utaihitaji wakati wa kuunganisha. Akianza kuimba au kusimama kukuonyesha jambo, acha rekoda iende hata kama kaseti inakwisha. Na wajukuu wakikusanyika usiwafukuze. Nilipokuwa peke yangu na mzee wa chokaa alinieleza mimi. Wajukuu walipokuja alieleza vizuri mara mbili zaidi.

Halafu rudi mjini ukapime ulichosikia. Mimi nilikwenda Maktaba ya McMillan, barabara ya Banda, wanakohifadhi magazeti ya zamani. Kurasa ni kubwa, zinakatika, na vumbi lake linakaa kooni siku mbili. Huko ndiko nilikomaliza ubishi wa tarehe na matokeo, na huko ndiko nilikojifunza kwamba wazee hukosea mwaka mara nyingi na hali ya hewa mara chache.

Hadithi iliyonisumbua kuliko zote ni ya Idi Amin. Kila niliyemhoji aliitaja: eti Amin alikuwa mchezaji wa akiba wa Afrika Mashariki siku ile ya Lions. Ni kweli alicheza raga Uganda alipokuwa askari wa Keya, jeshi la kikoloni la Waingereza, na mwili wake ulikuwa wa fowadi. Lakini orodha ya timu haina jina lake, picha ya timu haina sura yake, na juu ya yote, mchezaji wa akiba hakuwepo kisheria. Wachezaji wa akiba waliingia katika sheria za raga mwaka 1968. Ndiyo sababu Lions walimaliza Ellis Park wakiwa kumi na wanne. Mtu akikaa benchi mwaka 1955 alikuwa mtazamaji. Nilieleza hivyo hewani, na simu za wasikilizaji zilizofuata zilikuwa za hasira. Mmoja alisema nimemnyima Amin haki yake. Hadithi tamu haiuawi na sheria za mchezo, lakini mtangazaji akiirudia anaipa muhuri, na mimi sikutaka kuwa mwenye muhuri huo.

Sehemu ya mwisho ya kipindi niliipa wale waliotoka uwanjani wakaenda kwenye kipaza sauti, na hapo nilimweka Cliff Morgan. Baada ya kustaafu kucheza aliingia BBC, na mwaka 1972 alipata kiharusi kilichomnyang'anya usemi. Alijifunza kuzungumza upya. Januari 1973, Cardiff, Barbarians, timu ya wachezaji wa kualikwa, wanacheza na New Zealand, McLaren anaugua, Morgan anaitwa ashike nafasi yake. Dakika za mwanzo Phil Bennett anaokota mpira karibu na milingoti yake mwenyewe, anawapiga chenga watu watatu au wanne, mpira unapita mikono kadhaa hadi kwa Gareth Edwards anayeruka pembeni kufunga. Wengi wanaiita trai bora kuwahi kufungwa.

Nimeisikiliza mara nyingi na huwafanya vijana wetu waisikilize wakiwa wamefumba macho. Morgan hafafanui. Anataja majina, sauti inapanda pamoja na mbio, na hapumui mpaka Edwards atue. Hiyo ni runinga, picha inamsaidia. Redioni ungehitaji kuongeza mahali: yadi ngapi, upande gani. Lakini ule mpando wa sauti haufundishwi kwa kupiga kelele kutoka mwanzo wa mechi. Wengi wetu tunaanza juu, na trai ikija hatuna pa kwenda. Mwaka 2009, Kenya ilipoitoa Fiji kwenye robo fainali ya Kombe la Dunia la wachezaji saba Dubai, nilikuwa studioni Nairobi nikitangaza kwa kutazama skrini, na nilishukuru kwamba nilikuwa nimeanza chini. (Wafiji wana tahajia yao. Herufi d wanaitamka nd, hivyo mji wao wa Nadi ni Nandi, kama jirani zangu wa Kapsabet. Muulize mchezaji mwenyewe jina lake, na ukiwa mbali tafuta rekodi yake akijitambulisha.) Na ukitangaza kwa skrini, sema uko studioni. Msikilizaji atajua tu pale kamera itakapogeukia watazamaji nawe huna la kusema.

Kaseti za kituo zilifutwa zikatumika tena, jambo ambalo hata BBC walilifanya kwa miaka mingi, kwa hiyo sikushangaa. Nilikuwa nimenakili za kwangu usiku uleule wa kila mahojiano. Wote wawili, fowadi wa Karen na mzee wa chokaa, wameshafariki, na familia zao nilizipa nakala kabla ya mazishi. Nyingine ziko kwenye diski mbili, moja kwangu na moja kwa dada yangu Nakuru. Atakayetaka kuzitumia kwa kipindi atapewa bure, kwa sharti kwamba hatakata sehemu ya kipande na askari wa langoni.